Nukta Tatu Kichwani mwa Bartholomew

Bartholomew Mutiso alikutwa ameketi. Hilo ndilo lililowatia hofu watu wa Mumbuni, mtaa wa mji wa Machakos, maana mfu tumezoea kumkuta amelala, na huyu alikuwa ameegemea kiti chake cha ngozi kama mtu anayesubiri kunyolewa: miguu pamoja, mikono juu ya mapaja, na nyaya tatu zikimtoka kichwani hadi kwenye kompyuta iliyokwisha betri.

Inspekta Kamanthe alifika saa mbili na robo asubuhi, Alhamisi moja ya Agosti mwaka wa 2004. Alipanda ngazi za nje polepole, sketi ya sare ikimbana na goti lake la kushoto likimlalamikia. Chini ya jengo kulikuwa na duka la vitambaa la Abdinur. Juu kulikuwa na chumba kimoja tu, na mlangoni kibao kilichoandikwa kwa mkono: MAZOEZI YA UBONGO. AKILI TULIVU, KAZI BORA.

"Ni mashine, Afande," alisema Konstebo Nzioka kabla hajaulizwa. "Imempiga shoti. Watu wote huko chini wanasema hivyo."

"Watu wote huko chini walikuwa humu ndani?"

"Hapana, Afande."

"Basi waache na maneno yao. Na utoe mkono wako kwenye hiyo meza."

Nzioka alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na alipenda kesi zinazojifunga zenyewe. Aliutoa mkono, akaufuta kwenye suruali.

Kamanthe aliinama. Waya wa kwanza uliishia kwenye kibati kidogo, mviringo kama kifungo cha shati, kilichobandikwa kwa gundi nyeupe juu ya nyusi ya kushoto ya marehemu. Wa pili ulikuwa juu ya sikio la kushoto. Wa tatu ulibanwa kwenye ndewe ya sikio la kulia. Hakuona alama ya kuungua popote. Vidole havikukunjamana. Nywele zilikuwa zimetenganishwa vizuri, na ngozi chini ya vile vibati ilinukia spiriti. Mezani kulikuwa na kisahani, na ndani yake pamba iliyotumika, imekunjwa mara mbili.

"Mwinue kidogo," alisema.

Nyuma ya kichwa, mahali kilipoegemea kiti, palikuwa na damu iliyoganda. Kona ya kabati la chuma kando ya dirisha ilikuwa imepanguzwa, ila aliyeipanguza hakuona wekundu uliobaki kwenye ufa wa bawaba.

"Shoti haipigi mtu kisogoni, Nzioka."

Nzioka alikiegemeza kichwa tena kitini.

Aliyemkuta marehemu alikuwa Najmo, dada yake Abdinur wa duka. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na mmoja. Asubuhi aliuza vitambaa, na mchana alimsaidia Bartholomew na wateja wa kike, kwa kuwa mwanamke anayejisitiri hawezi kufunua nywele zake mbele ya mwanamume asiye wake. Kamanthe alimkuta ameketi kwenye ngazi ya tatu, ameukumbatia mkoba wake.

"Wewe ndiye ulimpata?"

"Ni mimi. Nilikuja kufungua madirisha. Nikamsalimia. Nikamsalimia tena."

"Uligusa nini?"

"Mkono wake. Ulikuwa baridi. Sijagusa kitu ingine."

"Jana uliondoka saa ngapi?"

"Saa tisa. Ndugu yangu alikuja akanitoa."

"Akakutoa kwa nini?"

Najmo alitazama viatu vyake. "Alikuwa na hasira, Afande. Lakini Abdinur hasira yake ni ya mdomo. Wallahi, ni ya mdomo tu."

Mdomo huo ulikuwa umesikika mtaa mzima. Kufikia adhuhuri mashahidi sita walikuwa wameshaandikisha maelezo kwamba jana yake walimsikia Abdinur akipiga kelele kwenye ngazi: nitavunja, nitavunja, nitavunja. Mkuu wa kituo alimtia seli bila kupoteza wakati.

"Mashine au Msomali, Kamanthe," mkuu alisema huku akichokonoa meno. "Chagua moja. Kesho asubuhi napeleka mtu mahakamani kwa mauaji, na kwa sasa niko na huyo mmoja tu."

"Na kama si mashine na si yeye?"

"Basi uniletee mwingine kabla ya kesho."

Abdinur alikuwa amesimama katikati ya seli, kwani sakafu ilikuwa na maji na suruali yake ilikuwa safi.

"Ulisema utavunja nini?"

"Mashine! Nilisema nitavunja mashine. Sikusema nitavunja mtu."

"Mashine imekukosea nini?"

"Dada yangu anakaa huko juu na mwanaume, mlango umefungwa. Watu wanaongea. Nilimwambia Bartholomew, hiyo mlango ikae wazi. Yeye anasema kelele ya barabara inasumbua ubongo ya wateja." Alipumua kwa nguvu. "Sasa ubongo ya wateja ni muhimu kuliko heshima ya dada yangu?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Dukani. Peke yangu. Najmo alikuwa amekasirika, ameenda nyumbani."

"Hakuna aliyekuona?"

"Afande, jana hakuna mtu alinunua hata kitambaa moja. Nani angeniona?"

Hapo Kamanthe alimwelewa kuliko alivyotaka. Yeye mwenyewe angeulizwa ni nani aliyemwona jioni ile, angejibu vivyo hivyo. Alikuwa amekula ugali wake amesimama kando ya jiko, akaosha sahani moja na sufuria moja, akalala.

Saa saba daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu kutoka chumba cha maiti. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye foleni.

"Pigo moja kisogoni. Ameangukia kitu chenye kona. Damu ikavujia ndani ya fuvu."

"Umeme?"

"Umeme gani? Hakuna. Na jambo lingine, Inspekta. Hakufa papo hapo. Amekaa kama nusu saa."

"Angeletwa hospitalini?"

"Pengine angepona. Sisemi angepona. Nasema pengine."

Kutoka Mumbuni hadi hospitalini ni mwendo wa dakika kumi.

Kamanthe alirudi kwenye kile chumba cha juu, akamwita Najmo. Aliacha mlango wazi makusudi, na Najmo aliliona hilo.

"Nieleze hii mashine. Nieleze kama mtu ambaye hajui kitu."

"Kueleza ni ngumu. Keti."

"Pale alipoketi yeye?"

"Kuna kiti ya mbao. Keti hapo."

Kamanthe alivua kofia. Najmo alichomeka kompyuta kwenye umeme, akazitenganisha nywele za inspekta kwa ncha ya kitana, akachovya pamba kwenye spiriti, akasugua ngozi taratibu mpaka ikapata joto, akapuliza ikauke. Kisha gundi, kisha kibati. Alifanya hivyo bila haraka, mkono mmoja ukiwa umeshikilia paji la uso la inspekta lisiyumbe.

Mume wa Kamanthe, mwalimu wa hesabu, alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Binti yao alikuwa Mombasa na alipiga simu Jumapili, zile Jumapili alizokumbuka. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amegusa kichwa cha Kamanthe isipokuwa msusi, na msusi huvuta. Wahenga walisema upweke ni uvundo. Hawakusema kwamba mtu huuzoea uvundo wake mpaka siku anapoguswa na mkono wa upole. Akaogopa kwamba mashine ingeonyesha.

Ndege mdogo wa kuchorwa alitokea kwenye kioo cha kompyuta, akapaa kidogo, akaanguka.

"Unafikiria sana," Najmo alisema. "Ukimlazimisha anaanguka. Ukituliza kichwa anapaa. Mashine inasoma mawimbi ya ubongo, inakuonyesha hapo. Ubongo ukijiona unajirekebisha, pole pole, kama mtu anajifunza kufunga tai mbele ya kioo. Mara thelathini, mara arobaini, unaanza kukumbuka vizuri, kusoma vizuri. Siyo wote. Bartholomew hakudanganya watu, alisema siyo wote."

"Na umeme unaoingia kichwani?"

"Hakuna. Haiingizi kitu, inasoma tu. Alirudia hiyo maneno kila siku, na kila siku mtu anauliza kama ataungua."

Kamanthe aligusa ngozi iliyosuguliwa, bado ilikuwa na joto. Aliikumbuka ile pamba kwenye kisahani.

"Najmo. Ukitaka kumfungia mtu nyaya haraka haraka, ili ionekane mashine imemuua, utamsafisha ngozi kwanza?"

"Nitapakaa gundi tu nikimbie."

"Huyu alisafishwa. Kama ulivyonisafisha mimi."

Wakatazamana. Najmo alivuta kiti, akafungua rekodi ya mwisho ya kompyuta. Jumatano, saa kumi na moja na dakika ishirini na sita jioni. Mistari ilianza kutembea kwenye kioo, mikubwa, mizito, ikipanda na kushuka kwa uvivu.

"Hii ni ya mtu ameketi?"

"Hii ni ya mtu amelala usingizi mzito sana." Sauti ya Najmo ilipungua. "Ama amezimia."

Dakika zilipita. Mistari ikaanza kupungua, ikawa midogo, ikawa midogo zaidi. Kwenye dakika ya thelathini na moja ililala, ikabaki inatetemeka kidogo kwa umeme wa nyaya za ukutani tu, si wa ubongo. Najmo alijifunika mdomo.

"Alikuwa hai, Afande. Alifungwa akiwa hai."

"Na aliyemfunga alijua kuanzisha kompyuta."

"Hiyo ni kitufe moja tu. Ya kijani."

Kamanthe aliinuka, akazunguka chumba, akarudi. "Mimi umenibandika hapa juu, katikati. Yeye alibandikwa nyusi ya kushoto na juu ya sikio la kushoto. Kwa nini tofauti?"

"Kila mteja na mahali pake. Wa mtihani huwekwa juu. Wa usingizi huwekwa nyuma."

"Akili ni nywele," alisema Kamanthe, "kila mtu ana zake. Kadi ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye boksi la viatu, kadi ishirini na mbili, kila moja na kichwa kilichochorwa kwa kalamu na nukta juu yake. Palikuwa na wanafunzi wa kidato cha nne, kiongozi wa kwaya, karani wa maji, mkimbiaji mmoja wa Kathiani. Kamanthe alizipitia moja moja. Kadi moja tu ilikuwa na nukta zile tatu, nayo ilikuwa namba kumi na nne: Justus Kioko, Mitaboni. Dereva wa lori. Aliumia kichwa ajalini mwaka wa 2001. Haongei. Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi. Anayefunga nyaya: mkewe.

"Mkewe?"

"Justus hakubali mkono wa mtu mwingine, anaruka. Kwa hivyo Bartholomew alifundisha mama. Mama Mumo. Miezi saba sasa. Ako na mkono mzuri kuliko wangu."

"Jina lake?"

"Mama Mumo."

"Jina lake lenyewe."

Najmo alifikiria. "Sijui. Sisi wote tunamwita Mama Mumo. Mtoto mwenyewe alikufa akiwa mdogo, nilisikia."

Kamanthe aligeuza kadi. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wa Bartholomew, wa furaha, unaotoka nje ya mistari: Jumatatu. Leo Justus ametamka neno la kwanza kwa miaka mitatu. Amelitamka mara mbili, wazi kabisa: Ndanu. Mkewe amelia kwa furaha. Miezi saba, na nilikuwa sijui anaitwa Ndanu!

Alitoka kwenye ngazi. "Nzioka! Wateja wangapi wamekuja leo ukawarudisha?"

"Saba, Afande. Wote wa leo isipokuwa mmoja."

"Wa saa nne?"

Nzioka alitazama daftari lake, akainua macho. "Umejuaje?"

"Lete gari."

Walifika Mitaboni saa kumi. Nyumba ilikuwa ya matofali, bati jipya upande mmoja, na ua uliofagiliwa mpaka ukawa na michirizi. Mwanamke wa makamo alikuwa akipukuchua mbaazi kwenye karai. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, mwanamume mkubwa wa mwili alikuwa amefungwa shali shingoni ijapokuwa hapakuwa na baridi, mkono wake wa kulia umelala mapajani bila kazi. Alikuwa amenyolewa ndevu siku ile ile, vizuri, bila mkwaruzo.

"Karibuni," mwanamke alisema. Hakushtuka. "Niko na chai kwa chupa."

"Asante, mama. Baadaye. Tunaomba kitambulisho chako."

Aliingia ndani, akarudi nacho kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Kamanthe alisoma: Syombua Kioko. Alikisoma mara ya pili, kisha akamrudishia.

"Leo hamkuenda Machakos."

"Hatukuenda."

"Kwa nini?"

"Alikuwa amechoka."

"Nani alikuambia Bartholomew amekufa?"

"Watu wa soko wameongea."

"Saa ngapi?"

"Saa sita."

"Nyinyi mlitakiwa kuwa pale saa nne."

Mwanamke aliendelea kupukuchua. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na havikuangusha hata punje moja nje ya karai.

"Mama," alisema Kamanthe, "Ndanu ni nani?"

Vidole vikasimama. Nzioka alisogea hatua moja. Kamanthe alimzuia kwa jicho.

"Ni mwanamke wa Emali," alisema Syombua. "Justus alikuwa analala kwake akipeleka lori Mombasa. Miaka nane. Madereva wote walikuwa wanajua. Mimi pia nilijua."

"Alikuja kumwona alipoumia?"

"Hata siku moja. Alisikia ameharibika, akanyamaza." Aliweka karai chini. "Mimi ndiye nilimtia uji kwa mdomo. Mimi ndiye nilimgeuza kitandani asioze mgongo. Miaka mitatu, Afande. Na nitakuambia ukweli, haikuwa mbaya. Alikuwa nyumbani. Tangu tuoane hakuwa amekaa nyumbani wiki mbili zikafuatana."

"Sasa ukampeleka kwa Bartholomew kwa nini?"

"Nilitaka aongee. Siyo mambo mengi." Alisita, kama mtu anayeona aibu kwa kutaka kitu kidogo. "Nilitaka aseme jina yangu. Mama yangu alikufa, na yeye ndiye alikuwa wa mwisho kuniita. Hapa mimi ni Mama Mumo. Mumo mwenyewe alikaa miezi mitano tu. Kila mtu akiniita ananikumbusha kaburi, lakini hajui, ni heshima. Nikasema, Justus akirudisha ulimi, hata akiniita mara moja kwa mwaka inatosha."

"Jumatatu akasema Ndanu."

"Mara mbili."

"Bartholomew alidhani unalia kwa furaha."

"Alinipea kitambaa nipanguze macho. Alikuwa anacheka kama mtoto."

"Jana ulikwenda kufanya nini?"

"Kumwambia tumeacha. Kwamba nimtoe Justus kwa hiyo mashine, abaki vile alikuwa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Nikapanda ngazi. Nikafungua mlango." Kuku alipita katikati yao na hakuna aliyemfukuza. "Aliinuka akafungua mikono hivi. Akasema, 'Karibu, Ndanu! Leo nakuita kwa jina lako. Karibu, Ndanu!'"

Kamanthe alifumba macho kidogo.

"Yule kijana alikuwa mtu mzuri," Syombua aliendelea. "Alikuwa anataka kuniheshimu. Najua. Hata wakati huo nilijua. Lakini mikono yangu ilimsukuma. Nilisukuma kwa nguvu yote, ile ya kumwinua Justus kila siku. Akaangukia kabati."

"Akafa?"

"Hapana. Alikuwa anapumua."

"Ukapanguza kabati."

"Kulikuwa na damu. Hapo ni mahali pa watu kuingia."

"Ukamwinua ukamketisha, ukamfunga nyaya ili ionekane ni mashine imemuua."

Kwa mara ya kwanza Syombua alimtazama usoni, na mshangao wake ulikuwa wa kweli.

"Ili nini?"

"Ili tuseme amepigwa shoti."

"Aiya! Hapana, Afande. Nilimfunga nimponye."

Nzioka alishusha daftari lake.

"Sijui mahali pake yeye," alisema Syombua, kwa haraka sasa, kama anayejitetea kwa kosa la kazi. "Mahali ya kila mtu ni tofauti, aliniambia. Lakini mimi najua ya Justus tu, nikaweka hapo. Nikasafisha vizuri, nikapuliza. Nikabonyeza ile ya kijani. Mistari ikaanza kutembea! Nikasema asante Ngai, Mungu wangu, inafanya kazi. Nikamshika mkono. Nikangoja."

"Hospitali iko dakika kumi. Duka lilikuwa wazi hapo chini. Ungepiga kelele."

"Hospitali?" Hakuwa na uchungu, alikuwa akieleza tu. "Hospitali ndiyo ilinirudishia Justus, wakaniambia nizoee. Nilizunguka tatu. Wote wakasema nizoee. Ni hiyo mashine peke yake iliamsha yeye. Nikasema, kama imeamsha huyu aliyekaa miaka mitatu, itashindwa na mwenyewe aliyeanguka sasa hivi?"

"Bartholomew hakuwahi kukuambia kwamba haiingizi kitu? Kwamba inasoma tu?"

"Alisema kila Jumatatu." Alipangusa viganja kwenye kanga yake. "Nilidhani anajishusha, vile watu wazuri hufanya."

Kamanthe alikuwa amewahoji wauaji kumi na tisa katika kazi yake, na alijua kuwa huu ndio wakati wa kunyamaza. Hakuweza kunyamaza vizuri. Alitoa kitambaa, akajifanya anapangusa jasho.

"Mistari ilipolala nikabadilisha gundi," alisema Syombua. "Nikangoja tena. Halafu nikamweka mikono vizuri, nikaenda." Aliinua macho. "Afande, nikikuuliza utaniambia ukweli? Ningemwacha kwa mashine mpaka asubuhi, angerudi?"

Uongo mdogo ulimjia Kamanthe ulimini. Lakini siku moja wakili angesimama mahakamani na kuusema ukweli kwa sauti ya kikazi, na mwanamke huyu angeusikia akiwa kizimbani mbele ya watu.

"Hapana, mama. Mashine ilikuwa inakuonyesha tu kwamba anakwenda. Daktari pengine angemsaidia."

Syombua aliitikia kwa kichwa. Aliitikia mara nyingi, polepole. Hakulia. Justus, kwenye kiti chake, alinyoosha mkono wa kushoto akashika pindo la kanga yake, na yeye akaliacha lishikwe.

"Kuna mtu yuko seli kwa ajili ya jambo hili," Kamanthe alisema.

"Nani?"

"Abdinur wa duka."

"Yule wa kitambaa? Yule hunipea kiti nikingoja Justus apumzike kupanda ngazi?" Aliinuka mzima mzima. "Mtoeni. Mtoeni leo, Afande, tafadhali. Sikujua. Nilikuwa nataka tu nimwoshe Justus, nipukuchue chakula ya wiki moja, halafu nikuje mwenyewe."

Nzioka alitazama karai. Kando ya mlango kulikuwa na magunia mawili madogo yaliyojaa na kufungwa, na nguo za mwanamume zilizokunjwa rundo la siku saba.

Kamanthe alisogea pembeni, akapiga simu kituoni. Alizungumza kwa sentensi fupi. Mkuu alibishana kidogo, kwa kuwa alikuwa ameshaandika jina kwenye hati ya mashtaka na hakupenda kufuta. Mwishowe simu ilishikwa na Abdinur mwenyewe, ambaye hakuuliza ni nani aliyeua. Aliuliza kama Najmo ameshaambiwa.

Wakamwita shemeji, mke wa ndugu yake Justus, kutoka shamba la pili. Alikuja na mikono yenye udongo. Syombua alimwonyesha dawa, akamwonyesha upande wa kumlisha, akamwambia asimshike ghafla kichwani. Alieleza yote mara mbili. Kisha akamtoa Justus vidole kwenye kanga, kimoja kimoja. Justus alimtazama shemeji, akamtazama mkewe, midomo ikahangaika, na hakikutoka kitu.

"Maneno uliyoniambia utayarudia mbele ya hakimu," Kamanthe alisema. "Hapa kwangu hayatoshi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Sasa lazima nikusomee haki zako. Ni sheria."

Nzioka alitoa pingu. Kamanthe alitikisa kichwa, naye akazirudisha kiunoni. Inspekta alifungua daftari, akavaa kofia yake sawasawa. Alikuwa amesoma maneno haya mara nyingi kwa sauti ya kuchoka, akiyapitia tu, macho yakiwa kwenye gari. Safari hii aliyasoma taratibu, na mwanzo wake aliutamka kama mtu anayemwita mwenziwe wa miaka mingi.

"Syombua."

Mwanamke aliinua uso haraka, akageuka kutazama nyuma ya nyumba, upande wa shamba, kana kwamba sauti imetoka huko. Hakukuwa na mtu. Akamgeukia inspekta, na uso wake ulikuwa umelainika kabisa, uso wa msichana.

"Ĩĩ," aliitika. "Ni mimi."

Kamanthe akaendelea kusoma.